Gauni la Kabeji

Majina yote ninayo. La shangazi yangu ninalo, la binti yake ninalo, la yule mama mzungu aliyetufundisha kushona ninalo, hata la mbwa wake aliyekuwa akilala chini ya meza wakati wa somo. Kichwa changu hakikusoma sana lakini hakiachi kitu. Nisipoyaandika hapa msidhani nimewasamehe. Ni kwa sababu wajukuu zao wako huku mtaa wa Rhonda, tunakutana dukani, wananiita shosho, bibi yao, na kunibebea mfuko wa viazi mpaka mlangoni. Hao hawakunikosea. Waliokosa wameshazikwa, na mimi nilienda kwenye mazishi yao nikala na nikarudi nyumbani.

Tulikaa landi, nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, zile za mstari mmoja mrefu, kila jamaa na chumba chake, bomba la maji moja kwa wote. Baba alifanya kazi ya kuunganisha mabehewa. Mama alikuwa akipanda kila asubuhi mpaka mtaa wa wazungu juu kule, kufua nguo na kupiga pasi katika nyumba moja. Sisi ni watu wa magharibi, kama wengi wa mstari wetu. Dada yake baba, ambaye kwetu tunamwita senje, aliolewa na mtu wa reli pia, akakaa milango michache kutoka kwetu. Huyo ndiye alikuwa na cherehani ya pekee katika mstari mzima, na ndiye alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kushona. Kwa vitu hivyo viwili alitembea kama mtu aliyejenga reli yenyewe.

Mimi nilikuwa msichana wa kujipenda. Sisemi kwa kuona haya. Nguo zangu nilizishona mwenyewe kwa mkono, kwa sababu cherehani ya senje hakuna aliyeigusa isipokuwa binti yake. Nilipenda kola iliyosimama, mikono yenye mabega, na mifuko. Mifuko hasa. Wasichana wengine walikuwa wakiweka maua, mimi niliweka mifuko, kwa sababu nilikuwa na vitu vya kutia: vipande vya shabu, mbegu, chupa ndogo za dawa zilizokwisha, sumaku iliyotoka kwenye kitu fulani cha reli ambacho baba hakutaka niulize.

Senje aliponiona napita kwenda bombani alikuwa akiwaambia wenzake kwa sauti, ili nami nisikie, "Angalieni daktari wetu amekuja. Daktari, utatupima lini?" Wanacheka. "Hiyo kola ya kuoshea masufuria ni ya nini?"

"Ya shingo, senje," nilijibu siku moja.

"Mdomo huo. Mdomo huo ndio utakaokufanya uozee nyumbani."

Shule niliishia darasa la nne. Baba alisema inatosha kwa msichana, na mwalimu hakubishana naye. Lakini kabla sijatoka kulikuwa na somo moja. Mwalimu aliwasha mshumaa akaufunika kwa glasi, tukautazama ukifa. Wengine walicheka. Mimi nilihisi kama mtu amenishika mkono. Niliuliza hicho kitu kinaitwaje, akasema, "Hiyo ni sayansi, kaa chini." Nikakaa chini, lakini neno nilitoka nalo.

Sasa kabeji. Ile nyumba alikofua mama walikuwa wanapanda kabeji nyekundu, ambayo sisi watu weusi hatukuwa tukipanda na hatukuiona sokoni. Majani ya nje walikuwa wakiyatupa jaani nyuma ya jikoni. Mama alikuwa akiyaokota na kuyaleta kwenye kikapu kwa ajili ya sungura wetu. Siku moja sungura waliyakataa, nami sikutaka yaharibike, nikayachemsha kwenye sufuria. Maji yakatoka ya zambarau, mazito kama wino. Nikayamwaga, na mengine yakaingia kwenye karai ambamo mama alikuwa ameloweka nguo kwa sabuni ya kipande. Yakageuka. Mbele ya macho yangu yale maji ya zambarau yakawa samawati, kisha kijani.

Nilipiga kelele mama akatoka mbio akidhani nimeungua.

Kuanzia hapo sikutulia. Nilikamulia ndimu, yakawa mekundu ya waridi. Nikatia maziwa lala yaliyochacha, mekundu tena, lakini kwa upole. Nikatia maji ya majivu, ile munyu yetu tunayochuja ya kulainishia mboga ya mrenda, yakawa kijani kama nyasi za mvua. Nilijaribu chai, nilijaribu chumvi ya duka ambayo haikufanya lolote, nilijaribu mate yangu. Kisha nikafikiria nguo. Nilichukua vipande vya amerikani, kile kitambaa cheupe cha pamba, nikavichemsha kwanza na shabu ili rangi ishike, halafu nikavilaza katika maji ya kabeji usiku kucha. Vikatoka rangi ya zambarau iliyofifia, kama mawingu ya jioni upande wa mlima Menengai. Nikavianika kwenye ua.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafurahi hata nikiwa na hasira. Ulikuwa msimu wa kiangazi, ziwa limekauka pembeni, na upepo ulikuwa ukileta lile vumbi jeupe la magadi mpaka kwenye nyumba zetu, linaingia machoni, linaingia kwenye uji. Asubuhi vile vipande vyangu vilikuwa vimegeuka samawati upande mmoja tu, ule uliotazama ziwa. Upande wa pili vilibaki zambarau. Nilisimama pale na ndoo mkononi. Kitambaa changu kilikuwa kimeniambia upepo umetoka wapi.

Senje alinikuta bombani siku hiyohiyo na kikapu cha majani. "Kumbe mmeanza kula jaa la wazungu?"

"Hatuli, senje. Ni ya rangi."

"Yametoka jaani au hayakutoka jaani?"

"Yametoka jaani."

Akageukia wenzake. "Mmesikia kwa kinywa chake. Kaka yangu anavunjika mgongo relini, mke wake na binti yake wanaokota takataka." Wote walisikia. Nataka hilo likumbukwe, kwa sababu tutalirudia.

Mama mzungu wa kushona alikuwa akija kila wiki na gari lake dogo na mbwa wake. Siku moja alitwambia, kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, kwamba msichana mmoja kutoka landi atapelekwa chuoni, upande wa Nairobi, akae mwaka mzima, arudi kuwa mwalimu wa akina mama. Atajifunza kushona, kulea watoto, na sayansi ya nyumbani. Kila msichana ashone gauni lake, alivae siku ya maonyesho, naye atachagua.

Mimi katika yale yote nilisikia neno moja.

Nilimwambia mama nataka kwenda. Akafungua sanduku akatoa shuka ya amerikani, mpya, aliyokuwa ameiweka kwa siku ya kuzaa au ya kufa, akaniwekea magotini.

Nililikata gauni hilo chini sakafuni. Kiuno cha kubana, sketi pana ya kuzunguka, kola iliyosimama, vifungo nilivyovifunika kwa kitambaa kilekile, na mfuko mmoja mkubwa kifuani upande wa moyo. Nilishona kwa mkono mshono mdogo sana, nikifumua na kurudia, mpaka baba aliniambia nitapofuka. Rangi niliitia mwisho, nikalianika ndani ya nyumba mbali na jua, kwa sababu nilikuwa nimeshajua jua linaila. Na mfuko niliuacha mtupu. Nilikuwa na mpango. Binti ya senje alikuwa amedarizi maua ya nyuzi za kununua kuanzia shingoni mpaka kwenye pindo. Mimi ningesimama mbele ya mama mzungu na vijiti viwili, kimoja cha ndimu na kimoja cha munyu, nichore ua papo hapo juu ya mfuko: petali nyekundu, majani ya kijani, bila uzi hata mmoja. Nililala nikiliona ua hilo.

Siku ya maonyesho ilikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa landi. Akina mama walikuwa wamepika tangu asubuhi nje ya ukumbi. Wengine walikuwa kwenye mrenda na kunde, wanamimina munyu, wengine wanakamua ndimu kwenye debe kwa sharubati ya wageni. Mgeni alikuwa hajafika. Sisi wasichana tukaingia tumevaa.

Kwetu landi nguo mpya ilikuwa lazima ifinywe. Sijui desturi hiyo ilitoka kabila gani, tuliikuta pale. Ukivaa kitu kipya kila mtu anakufinya, anabana kitambaa pamoja na nyama kidogo, anasema, "Ichakae wewe ubaki." Usipofinywa, nguo haitakaa mwilini mwako. Mtoto hulia, msichana hucheka, ndiyo raha yenyewe. Basi akina mama wakaacha masufuria wakatujia, mikono hata haijapanguswa vizuri.

Mimi niliisahau desturi hiyo. Mtu aliyejaribu mpaka mate yake hakufikiria vidole vya watu.

Wa kwanza alinifinya begani, "Ichakae wewe ubaki!" Wa pili kiunoni. Wa tatu mkononi. Senje naye akaja, ametoka kwenye sufuria ya mrenda, akanifinya juu ya kiwiko kwa nguvu zake zote, akasema maneno ya desturi bila kufungua meno. Kisha mmoja akasema, "Ngojeni. Ngojeni kwanza. Hii ni nini?"

Begani palikuwa na alama ya vidole nyekundu. Kiunoni kijani. Mgongoni, wakanigeuza, nyekundu na kijani, vidole vya kila mtu vimesimama pale kama vimepigwa muhuri.

"Anatoka damu!"

"Damu gani ya kijani?"

"Mimi nimemgusa tu! Nimemgusa tu jamani!" Huyo alikuwa anapangusa mkono wake kwenye leso kama amegusa moto.

"Nguo inashika mikono yetu," senje akasema polepole. "Mnaona? Imechukua alama ya mkono wa kila mmoja. Mtu anachukua alama ya mkono wako kwa kazi gani?"

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ikipambana na wapiganaji wa msituni walioapishwa kwa siri. Jirani zetu Wakikuyu walikuwa wamechukuliwa kwa lori, vyumba vyao vikapewa watu wengine, na majina yao nayo ninayo. Askari walikuwa wakiingia landi wakati wowote. Kulikuwa na neno moja ambalo hakuna aliyetaka litajwe mbele yake, na mwanamke mmoja wa nyuma akalitaja. "Kiapo."

Na hapo gari la mama mzungu likasimama nje.

Nilidhani nitaokoka. Nilidhani nikiwaonyesha, wataelewa. Niliingia katikati na vijiti vyangu na vikopo vyangu nikasema, "Si damu, mama zangu. Ni ndimu na munyu. Tazameni." Nikachovya, nikachora petali juu ya mfuko. Ikawa nyekundu. Nikachora jani. Likawa kijani. Ua likatokea kifuani pangu mbele yao bila uzi, zuri kuliko nilivyoliota, na wanawake walionilea wakarudi nyuma mpaka ukutani.

"Anaiamuru," mmoja akasema. "Na inamtii."

Mama mzungu alikuwa mlangoni ameona yote. Alikuja mpaka kwangu, akainama, akautazama mfuko. Uso wake ukabadilika ukawa wa msichana. "Hii kabeji," akasema. "Kabeji nyekundu! Mimi fanya hii zamani, mimi mtoto, kule shule. Ndani ya chupa." Akaishika ncha ya kola yangu, akageuza mshono kuangalia ndani. "Wewe shona mkono? Mzuri sana."

Kwa muda huo mdogo nilikuwa na mwenzangu duniani. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na ndiyo inayonikasirisha zaidi.

Kisha akasimama wima. "Lakini hapa landi hakuna kabeji nyekundu. Wewe toa wapi?"

"Nimeokota jaani, memsahib."

"Jaa ya nani?"

Mama alikuwa amesimama karibu na dirisha. Kutoka na kitu chochote kwenye nyumba ya mzungu bila ruhusa, hata jani la kutupa, ilikuwa ni kazi kuisha, na siku zile kazi ikiisha kipande chako, kile cheti cha kazi, kinaandikwa neno ambalo hakuna nyumba nyingine itakayokuchukua. Mama aliniangalia. Hakutikisa kichwa, hakufanya lolote. Nikanyamaza.

"Jaa ya nani?" Mara ya pili hakuwa tena msichana wa shule.

Akamgeukia senje. "Mama mwenyekiti. Wewe jua huyu msichana, mtoto ya kaka yako. Yeye mwizi?"

Neno moja lingetosha. Si lazima angetaja nyumba wala kumtaja mama. Alikuwa amenihoji mwenyewe pale bombani, mbele ya mashahidi, akatangaza landi nzima kwamba ninaokota takataka. Angesema tu, "Hapana, memsahib." Nilimtazama. Binti yake alikuwa nyuma yake na maua yake ya uzi, anatazama sakafu.

Senje akapangusa mikono kwenye aproni. "Mimi sijui, memsahib," akasema. "Kila mtu anajua alichobeba kwenda nyumbani kwake."

Basi. Mama mzungu alitikisa kichwa kwa huzuni, ile huzuni ya mtu anayekwenda nyumbani kunywa chai, akasema chuo hakiwezi kuchukua msichana asiyesema ukweli. Akapita kuangalia magauni mengine. Alichagua lile lililodariziwa. Wakapiga makofi. Mrenda ukapakuliwa.

Nyumbani mama alilia, mimi sikulia. Alisema nilifue gauni, alama zitoke. Nilikataa. Jumapili nililivaa kanisani vilevile, na vidole vyao vyote juu yangu, nikakaa benchi la mbele. Kila aliyenifinya aliweza kuiona alama yake. Juu ya kiwiko zilikuwepo nne za kijani, pana, za mkono uliozoea kushika cherehani. Baada ya ibada senje alinijia nje. "Huna haya?"

"Ninayo, senje. Iko hapo kwenye mkono. Ni yako."

Baba alinipiga kwa jibu hilo. Jumapili iliyofuata nililivaa tena, na nyingine, mpaka jua likalila likawa jeupe la uchafu na alama zikapotea. Zilitoka kwenye kitambaa peke yake.

Binti ya senje alirudi baada ya mwaka wake, na viatu vya kisigino. Mimi nilimuuliza kitu kimoja tu, tulipokutana bombani: walikufundisha nini kwenye sayansi? Akafikiri. Akasema walifundishwa kuoka keki, kutia wanga kwenye vitambaa vya meza, na kufunika maziwa nzi wasiingie. Nikamuuliza kama aliuliza kwa nini wanga unakaza kitambaa. "Kwa nini niulize?" akasema. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lilinichoma kuliko kama angekuwa mbaya. Nilijaza debe langu nikaondoka.

Niliolewa kabla ile miaka ya hamsini haijaisha, na mtu wa reli, hapohapo landi. Gauni la arusi nililishona mwenyewe kwa mkono, amerikani nyeupe, kola iliyosimama, mfuko ndani ambapo watu hawaoni. Asubuhi ya arusi akina mama wakaja kufinya. Niliwaacha wote wanifinye, hata yule aliyesema damu, hata yule aliyesema kiapo. Huyo alifinya kwa upole akaniita mwanangu. Mwisho akaja senje. Alikuwa amezeeka kidogo na alikuwa na tabasamu, kwa sababu wageni walikuwa wengi na shangazi ndiye humtoa bibi arusi nyumbani. Akanyoosha mkono.

Nikarudi nyuma hatua moja. "Wewe hapana, senje."

Akacheka kuwaangalia watu. "Mtoto huyu na mizaha yake. Nguo isiyofinywa na shangazi itakaa kweli?"

"Isikae."

"Mbele ya wageni?"

"Mbele ya wageni wale wa maonyesho ulisema hujui. Basi na leo usijue. Hujui hii nguo ni ya nani."

Mkono ulibaki hewani, halafu akaurudisha chini ya leso yake. Hakuna aliyecheka. Mama ndiye aliyenitoa nyumbani siku hiyo, jambo lisilofanywa kwetu, na watu walilisema miaka mingi.

Gauni lilikaa. Nililivaa mpaka mimba ya kwanza, kisha nikalikata nepi, na nepi hizo ziliwafaa watoto wangu wote. Lile la kabeji sikulikata. Lipo sandukuni, jeupe kama mengine, mtu asiyejua hawezi kulitofautisha. Mjukuu wangu alipoleta nyumbani vikaratasi vyao vya shuleni, vile vinavyogeuka rangi kwenye ndimu, akaanza kunieleza polepole kwa sauti ya kumwelezea mzee, nilimwacha amalize. Kisha nikamtuma sokoni akanunue kabeji nyekundu. Siku hizi inauzwa na kila mtu.